Kigezo cha Karatasi na Leso za Marehemu

Alasiri moja, baada ya sala, jirani yangu alibisha hodi akiwa ameukumbatia mfuko wa kitambaa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Ni mkubwa kwangu kwa umri, nami humwita mama. Yeye huniita mwanangu, ingawa hatuna udugu mwingine ila ukuta mmoja unaozitenga nyumba zetu hapa Mombasa. Siku hiyo hakutaka kahawa. Aliketi mkekani, akaufungua mfuko, akamimina mbele yangu vipande vya leso vilivyokuwa vingi mno, kila kimoja na pembe zake sita, kila kimoja kimekatwa kwa mkono wenye subira.

"Mwanangu," akasema, "nimeifuata karatasi yako kama ulivyoichora. Mbona nguo haikunjiki?"

Nikaokota kipande kimoja, nikakiweka juu ya karatasi niliyompa miezi miwili nyuma. Vilikuwa sawasawa, ukingo kwa ukingo, pembe kwa pembe. Mwili ukanisisimka. Mkataji hakukosea hata kwa upana wa uzi. Aliyekosea ni mchoraji, na mchoraji ni mimi.

Leso zile zilikuwa mbili, za marehemu mama yake. Vitu vya marehemu vilipogawanywa, mabinti watatu walishindwa kuamua nani azichukue, si kwa choyo bali kwa sababu kila mmoja wao alimwona mama yake ndani ya zile nguo. Mwishowe walipatana zishonwe mfarishi mmoja utakaozunguka katika nyumba zote tatu, na kazi hiyo akakabidhiwa jirani yangu kwa kuwa ndiye mwenye mkono wa sindano. Alikuwa amekata vipande 600. Hapakubaki kitambaa kizima isipokuwa pindo zilizochakaa.

Huenda kazi yenyewe ni ngeni kwa baadhi ya wasomaji, basi niieleze kabla ya kuendelea. Mfarishi wa viraka tunaujua sote: ni tandiko la tabaka mbili au tatu ambalo uso wake umeungwa kwa vipande vidogo vya nguo. Isiyojulikana sana kwetu ni sehemu ya karatasi. Nguo ni kitu kilaini. Ukiikata pembesita kisha ukaivuta kidogo tu, inapinda. Na vipande 20 vikishaungwa, kila kimoja na kosa lake la milimita moja, kazi nzima huenda upande. Karatasi haivutiki. Kwa hiyo mshonaji hukata umbo analolitaka katika karatasi ngumu, akaliweka juu ya upande wa ndani wa nguo, akakunja kingo za nguo kuizunguka karatasi na kuzipiga bandi. Vipande viwili vilivyokwisha kuvishwa hivyo huwekwa uso kwa uso na kushonwa ukingoni kwa mishono midogo inayoshika nyuzi chache tu za nguo bila ya kuitoboa karatasi. Karatasi hubaki ndani mpaka kipande kizungukwe na wenzake pande zote. Ndipo bandi hufumuliwa na karatasi ikachomolewa, tayari kutumika tena.

Sasa msomaji ameliona kosa langu. Ili nguo ipate cha kukunjwa, lazima ikatwe kubwa kuliko karatasi: kwa desturi ya washonaji wa mifarishi ni robo inchi, yaani milimita 6 na kitu, kila upande. Mimi nilichora pembesita yenye ubavu wa inchi moja, nikaandika "kata vipande 600", nikatoa nakala na kuwagawia wanawake wanane. Juu ya ile robo inchi sikuandika hata neno moja.

Nilijifunza kazi hii kwa wifi yangu aishiye Uingereza. Alikuja likizo na bahasha iliyojaa pembesita za karatasi, akawa anashona barazani huku tukizungumza, nami nikawa namtazama mkono. Huko ndiko kazi hii ilikozama mizizi. Chama cha washonaji wa mifarishi cha Visiwa vya Uingereza, The Quilters' Guild, kinahifadhi shuka ya hariri iliyoungwa kwa njia ya karatasi, na ndani ya viraka vyake mna mwaka 1718 pamoja na herufi E na H. Aliyeishona hajulikani ni nani. Karatasi hazikuwa za kununua kwa ajili ya kazi hiyo: washonaji wa zamani walikata barua kuukuu, kurasa za daftari za hesabu, hata karatasi ambazo watoto walijifunzia mwandiko. Ndiyo maana mifarishi isiyomalizika ina thamani kubwa kwa wanahistoria, kwani huigeuza na kusoma mgongo wake.

Sisi hapa tuna kadi za harusi. Karatasi yake ina uzito unaofaa kabisa, na sidhani kuna nyumba ya Mombasa isiyokuwa na rundo lake kabatini. Tahadhari ni moja: kadi zetu nyingi hufunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu au kwa aya, na sehemu hiyo haifai kukatwakatwa wala kutupwa. Mimi huitenga kwanza na kuihifadhi kwa heshima yake, kisha hutumia upande ulioandikwa ukumbi na saa.

Usiku ule baada ya jirani yangu kuondoka na mfuko wake, sikulala mapema. Nilikuwa nikijiuliza kitu ambacho mpaka leo nakiona ndicho kiini cha jambo hili: wifi yangu hakunifundisha ile robo inchi kwa maneno. Niliiona. Mkono wake ulipopita na mkasi nje ya karatasi, jicho langu lilijifunza bila ya mimi kujua kwamba limejifunza. Nilipochora kigezo changu na kukigawa, nilitoa karatasi, lakini mkono ulibaki kwangu.

Mafundi wa zamani hawakuwa na tatizo hili, kwa sababu kigezo na fundi vilikaa pamoja. Katika jiji la Kairo, karibu na lango la Bab Zuweila, upo mtaa wa Khayamiya, wa washona mahema, ambako mafundi, wengi wao wanaume, hushona mapambo ya vitambaa vilivyobandikwa juu ya turubai. Wao pia huanza na karatasi. Huikunja mara kadhaa, wakachora sehemu moja tu ya pambo, kisha wakaitoboa mistari yote kwa sindano kupitia mikunjo. Karatasi ikikunjuliwa, pambo zima limekamilika kwa vijitundu. Huitandaza juu ya kitambaa na kuipangusia unga wa mkaa, na mchoro unashuka chini kwa nukta. Ni njia nyepesi na ya werevu mkubwa, wala karatasi haihitaji maandishi, maana anayejifunza ameketi ubavuni mwa anayejua.

Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mama zetu walioshona kofia za vito walichora nakshi juu ya kitambaa cheupe kabla ya kutoboa vijitundu na kuvizungushia uzi, na binti alijifunza kwa kukaa mkeka mmoja na mama au khalati yake. Alipokosea, alipigwa kofi dogo la mkono na kufumua. Nani angeandika maelezo?

Lakini kigezo kikisafiri peke yake, mambo hubadilika. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, limehifadhiwa gombo lenye urefu wa karibu mita 30 na michoro 114 ya nyota na nakshi za majengo, kazi ya mafundi wa Kiislamu wa karne ya 15 au ya 16. Waliolichora walijuana kwa alama. Chini ya wino mna mistari mingine iliyokwaruzwa bila ya rangi, nayo ndiyo mifupa ya mchoro: miduara na mistari ya kupimia ambayo nakshi imeegemezwa. Gombo halina maelezo ya maneno. Wasomi wa zama zetu wamelazimika kuketi nalo kwa muda mrefu ili kufahamu kila mchoro ulijengwaje. Kitabu kikubwa juu yake, cha Gülru Necipoğlu, kilitoka mwaka 1995. Mafundi walipoondoka duniani, mkono uliondoka nao.

Marekani nako kuna mfano ambao huwa naufikiria sana. Mwaka 1863, katika jimbo la Vermont, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwanamke aitwaye Jane Stickle alimaliza mfarishi wa viraka, akaandika juu yake kwamba ulishonwa wakati wa vita na kwamba una vipande 5,602. Katikati yake mna miraba 169, na hakuna mraba unaofanana na mwingine. Hakuacha vigezo vyake. Mfarishi huo umo katika makumbusho ya Bennington, na ilibidi zaidi ya karne ipite hadi Brenda Papadakis alipouchunguza mraba baada ya mraba, akachora upya vigezo na kuvitoa katika kitabu mwaka 1996. Tangu hapo wanawake wa nchi nyingi wameshona nakala zao. Bibi yule aliihesabu kazi yake kipande kwa kipande na kuacha hesabu imeshonwa. Njia ya kuifuata akaondoka nayo.

Magazeti ndiyo yaliyowafundisha wanawake wa huko kutuma vigezo mbali. Jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilieleza viraka vya pembesita mwaka 1835. Karne moja baadaye, gazeti la Kansas City Star lilichapisha vigezo kuanzia mwaka 1928 hadi 1961, zaidi ya 1,000 kwa jumla, na vingi vililetwa na wasomaji wenyewe, wake wa wakulima waliochora juu ya karatasi ya jikoni na kuitia posta. Mshonaji wa shamba hili akampa mshonaji wa shamba la mbali asilolijua. Nakiri kwamba habari hiyo ndiyo iliyonitia moyo nianze kugawa vya kwangu. Nilipenda ule ukarimu. Sikujiuliza ni wangapi waliokata nguo nzuri wakaiharibu kwa sababu ya mstari mmoja uliosahauliwa.

Tuirudie pembesita. Uzuri wake ni kwamba haihitaji elimu kubwa kuichora. Chukua bikari, chora duara. Bila ya kubadilisha upana wa bikari, tembea nayo juu ya ukingo wa duara. Itakwenda hatua sita na kurudi pale pale ilipoanzia. Unganisha alama hizo kwa rula na pembesita yako iko tayari, na ubavu wake ni sawa na nusu kipenyo cha duara. Kipande kimoja katikati na sita kukizunguka hufanya ua. Maua hayo yalishonwa hata gerezani: wasichana waliofungwa pamoja na mama zao katika gereza la Changi, Singapuri, walishona mfarishi wa pembesita kwa mabaki ya nguo waliyoyapata, nao umehifadhiwa katika makumbusho ya vita ya London. Huhitaji cherehani wala meza. Huhitaji hata kuketi mahali pamoja. Kazi inakunjwa mfukoni na kufunguliwa popote, na ndiyo sababu wanawake wenye watoto wadogo wanaipenda.

Basi usiku ule nilichukua bikari hiyo hiyo. Nguo ilikwisha kukatwa na haingeweza kuongezwa. Kilichoweza kupunguzwa ni karatasi. Swali lilikuwa: je, karatasi iwe ndogo kiasi gani ili vipande vile vile vya leso vipate robo inchi ya kukunja pande zote? Nilidhani kwanza ni kupunguza robo inchi kwenye kila ubavu, nikachora, nikajaribu kwa bafta, ikakataa. Kisha nikakumbuka kwamba umbali kutoka katikati ya pembesita hadi ubavuni ni mfupi kuliko ubavu wenyewe, kwa hiyo ukisogeza kila upande ndani kwa robo inchi, ubavu hupungua kwa zaidi ya hapo, karibu milimita 7 na theluthi. Ubavu wa inchi moja, yaani milimita 25.4, ukawa milimita 18. Nikakata karatasi saba za kipimo hicho, nikavisha bafta, nikaunga ua moja. Lilikaa sawa.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipofanya hesabu ya pili. Vipande 600 vya ubavu wa inchi moja vingefunika mita moja ya mraba, na hivyo ndivyo ndugu wale watatu walivyokusudia: leso za mama zikae katikati na kitambaa cheupe kuzunguka, kitanda kipate kufunikwa. Vipande hivyo hivyo vikishonwa kwa karatasi ya milimita 18 hufunika nusu yake tu. Mraba wa sentimita 71 kwa 71. Nusu ya leso ingelala nyuma, imekunjwa ndani ya mishono, isionekane na mtu.

Asubuhi nilimwendea jirani yangu na lile ua la bafta. Nikamweleza yote, pamoja na ile nusu. Alilishika ua, akaligeuza, akatazama mikunjo ya nyuma kwa muda.

"Basi haikupotea," akasema. "Imejificha."

Lakini alinitaka niende naye kwa ndugu zake. Si yeye aliyekosea, alisema, wala hataki kubeba maneno ambayo si yake. Nilikwenda. Dada mkubwa alinisikiliza bila ya kunikatiza, akaomba aione karatasi ya kwanza. Aliisoma juu hadi chini, kisha akaniuliza jambo moja: "Kwa nini hukuandika?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa najua," nikamjibu. Sikuwa na jibu jingine, na mpaka leo sina.

Kimya kilikuwa kirefu. Aliyekivunja ni yule mdogo, ambaye binti yake alikuwa mjamzito wa miezi saba. Alisema sentimita 71 ni kimo cha kufunika mtoto mchanga, na kwamba huenda nguo ya mama yao imejipimia yenyewe. Dada mkubwa hakutabasamu, lakini alisema aanze yule mtoto, kisha upelekwe kwa kila nyumba itakayopata mwana. Jirani yangu alishona kwa muda wa miezi mitano, mingine katika hiyo mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Nilimsaidia kukata karatasi na kupiga bandi; kuunga alikataa nisiunge.

Tangu hapo vigezo vyangu vimekuwa na maneno mengi, na wapo wanaonicheka. Sasa kila umbo lina mistari miwili: mzima ni wa karatasi, wa nukta ni wa nguo, na pembeni naandika kwa herufi kubwa kwamba nguo hukatwa kwenye nukta. Naandika pia idadi ya vipande vya kila rangi na kiasi cha nguo kitakachotosha. Pembeni ya kila ukurasa nachora mraba wa inchi moja kwa inchi moja na kumtaka mshonaji aupime kwa rula kabla ya kugusa mkasi. Hili la mwisho ni kwa sababu ya printa, maana nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uingie katika karatasi, na mtu asiyepima hatajua mpaka ashindwe kuoanisha kazi yake na ya mwenziwe.

Kuna pia njia ya pili ya karatasi, ya cherehani, ambayo vijana wanaipenda kwa kuwa ni ya haraka. Mchoro huwa kwenye karatasi nyepesi wenye sehemu zilizotiwa namba. Nguo huwekwa nyuma ya karatasi na mshono hupita mbele, juu ya mstari uliochorwa, namba baada ya namba. Hatua za mshono hufanywa fupi, karibu milimita moja na nusu, ili karatasi ichanike kwa wepesi mwishoni. Tahadhari yake ni kwamba picha hutoka imegeuka, kama kwenye kioo. Nyota haidhuriki kwa hilo. Mimi lakini nilichora jahazi lililokuwa likiingia bandarini, na wote walioshona wakapata jahazi linalotoka. Tulicheka sana, na hakuna nguo ya marehemu iliyoguswa.

Lililonisaidia kuliko maneno yote ni jaribio. Washonaji wa Ulaya na Marekani wana desturi njema: kabla ya kutoa kigezo, hukikabidhi kwa watu wachache wakishone na kurudisha lawama. Sharti ninaloliongeza mimi ni kwamba mjaribu awe mtu ambaye hajawahi kuniona nikishona. Aliyeniona atajaza mapengo yangu bila ya kujua, kama nilivyojaza ya wifi yangu. Na ajaribu kwa kitambaa cha bei nafuu, kamwe si kwa kitu chenye kumbukumbu. Mwenye leso ya mama, au kanzu ya baba, namsihi ashone kwanza ua moja la bafta mpaka mwisho, alitazame mbele na nyuma, ndipo aitandaze ile nguo.

Watu huniuliza pia kama kigezo kina mwenyewe. Pembesita haina mwenyewe, wala nyota ya pembe sita iliyochongwa katika milango ya zamani haina. Mtu yeyote aweza kuikaa mbele yake na bikari yake akaichora. Lakini kazi ya kuichora, kuigawa vipande, kuipima na kuijaribu ni jasho la mtu, na aliyeifanya anastahiki kutajwa na kuombwa ruhusa kabla ya nakala zake kuuzwa. Niliwahi kukuta nyota yangu ikiuzwa kwa jina la mwingine, mistari ile ile, hata kosa dogo la kona ya kushoto limo. Iliniuma, sitaficha. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa nikilifikiria lile kosa la kona zaidi kuliko lile jina, kwa maana kila aliyenunua alikuwa anakata kona ile vibaya, na hakujua amwendee nani. Kigezo kisicho na jina la mwenyewe hakina mlango wa kubisha hodi.

Nami pia nina deni. Vigezo vyangu vya mwanzo sikuviandika kwamba nimejifunza kwa wifi yangu, wala kwamba mpangilio wa rangi wa ule wa pili nilipewa na khalati. Sasa majina yao yapo, chini ya mraba wa kupimia. Wale wanane niliowagawia karatasi ya kwanza niliwatafuta mmoja mmoja. Watatu walikuwa wamejua wenyewe kuongeza nguo, kwani wamezoea ushonaji. Wanne walikuwa hawajaanza. Wa nane ni jirani yangu.

Yeye ndiye mjaribu wangu hivi sasa, ingawa kwa hakika sharti langu limevunjika, maana amekwisha kuniona nikishona mara nyingi. Anasema hilo halimdhuru, kwa kuwa ameapa kutoliamini jicho lake tena mbele ya karatasi yangu. Wiki iliyopita nilimpelekea kigezo kipya, nyota ya pembe 12 niliyoichukua katika mlango mmoja wa Mji wa Kale. Ilirudi juzi pamoja na sahani ya mahamri, na alama mbili za kalamu nyekundu. Ya kwanza ni namba niliyoiruka. Ya pili ameandika tu, "Hapa ulikuwa unajua," na bado naitazama karatasi nikitafuta ni kitu gani hicho nilichokijua.